Vinu Viwili Chini ya Spika

Kuna watu wanaofuata pombe, kuna wanaofuata wanawake, na kuna mimi niliyefuata mitetemo. Mke wangu aliwahi kuniambia waziwazi kwamba angechagua pombe, kwa sababu mlevi walau hulala usingizi, wala hatambai chini ya kabati akiwa na tochi mdomoni.

Nina duka la dawa hapa Naviundu, Lubumbashi. Wateja huniita Docteur ingawa sijawahi kupasua hata jipu. Duka likipoa, nafungua simu nasoma mabishano ya watu wa mbali ambao sitawaona maishani, na wanachobishania ni meza. Si meza ya kulia chakula. Ni meza ya kuwekea mashine za muziki. Wanasema sauti haitoki katika mashine peke yake, inatoka pia katika kile kinachoibeba. Spika ikisimama juu ya ubao hafifu, ubao nao unaimba, na besi inavimba, inakuwa nzito, inachelewa. Sindano ya platine, ile mashine inayozungusha santuri, inasoma mfereji mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo sakafu ikitikisika sindano inaisoma sakafu pia. Haya yote ni kweli. Mimi sikudanganywa na mtu. Niliuamini tu ukweli huo kupita kiasi, kama wale wateja wangu wanaosoma karatasi ya dawa mpaka waugue kila ugonjwa ulioandikwa.

Na kwangu sakafu inatikisika kweli. Malori ya madini yanapita barabarani, na kila likipita moja, glasi za kabatini zinasalimiana. Wengine nyumbani wameshazoea. Mimi lori likipita huwa naganda, kidole juu, kama mbwa aliyesikia mgeni.

Santuri ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, ina nyimbo mbili tu, mmoja kila upande. Ilirekodiwa zamani katika parokia ya watu wa reli kule Sakania, karibu na mpaka wa Zambia, ambako nilizaliwa. Kwaya inaimba, bendi inapiga, na nyuma kabisa kuna ngoma kubwa. Mpigaji wa ngoma hiyo ni baba yangu. Alikuwa fundi katika karakana ya treni, na alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Hakuacha sauti yake mahali popote, na picha moja tuliyonayo imeliwa na unyevu upande wa uso. Mama naye yumo ndani ya santuri hiyo, alikuwa mwanakwaya, lakini sauti yake imechanganyika na za wenzake na hakuna awezaye kuichambua. Kwa hiyo mtu anayejulikana pale ni mmoja tu. Kwangu mimi, baba ni ngoma ile.

Sasa, ngoma ile ilikuwa inachelewa. Si sana. Kwaya inakanyaga sakafu kwa miguu, halafu ngoma inafika nyuma kidogo, kama mkristo anayeingia misani wakati wa somo la pili na kujifanya alikuwepo.

Mke wangu, ambaye anaimba kwaya na ana masikio mazuri kuliko yangu, aliisikia siku ya kwanza. Alikuwa anapita na kapu la nguo, akasimama, akaniambia, «Papa, ule mwenye kupiga ngoma hajui kupiga.»

Nilimtazama kana kwamba ametema mate kaburini. Baba yangu hajui kupiga? Mtu aliyekuwa anakaza boliti za injini, mikono yake ikijua kila kitu mahali pake? Haiwezekani. Nilimweleza mke wangu kwa utulivu wa daktari kwamba kasoro haiko kwa marehemu, iko kwenye kabati. Besi inachelewa kwa sababu spika zimekaa vibaya. Akaniuliza mbona santuri nyingine hazichelewi. Nikamjibu kwamba santuri nyingine zinaficha kasoro. Mtu akishaanza kujibu hivyo, ndugu yangu, hakuna dawa dukani ya kumtibu, na mwenye duka nilikuwa mimi.

Ndipo nikaanza kumtetea baba yangu kwa vifaa.

Kwanza niliondoa kila kitu kwenye kabati la vyombo. Kisha nikamwagiza mchomeleaji meza ya vyuma vyenye uwazi ndani, nikaujaza uwazi huo mchanga wa mto Naviundu, maana wale wa kwenye simu wanasema mchanga unanyonya mtetemo. Hawakusema mchanga uwe mkavu, na mimi sikuuliza. Baada ya muda vyuma vilitoa jasho la kutu, na zulia la mke wangu likapata duara nne za rangi ya chai ambazo zipo mpaka leo. Nikajaribu mipira ya tenisi iliyokatwa katikati. Nikajaribu mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliojazwa upepo nusu, chini ya ubao. Mpira ule ulikuwa unapungua upepo polepole wakati wa wimbo, na platine ikawa inainamia upande mmoja kama mzee anayesinzia. Kila badiliko nilipiga santuri ya baba, nikafumba macho, nikajiambia kwamba sasa anawahi. Kesho yake alikuwa amechelewa tena.

Hapo ndipo dada yangu aliponipigia simu kutoka Sakania. Mama anaishi kwake. Masikio ya mama yalikuwa yamefifia kwa muda mrefu, ila tulizoea kupaza sauti kidogo. Dada akasema hali imebadilika. Daktari wa masikio alikuwa amekwisha sema kwamba hayatarudi, yataendelea kufunga tu. Walimpa kifaa cha kuweka sikioni, akakirudisha siku ileile, akidai kinampigia filimbi kama mkuu wa stesheni. Sasa humsikia mtu anayempazia sauti karibu na sikio la kuume, na hata huyo kwa shida.

«Mama anasema anakuya kwako,» dada alisema. «Anataka asikie ngoma ya baba mara moya, mbele masikio ifunge yote.»

Nilikaa nyuma ya kaunta, simu mkononi, nikaona uchungu ambao sikuutegemea. Mama hakuwa na platine, na miaka yote ile hakuwahi kuniomba nimpigie santuri hiyo. Mimi ndiye niliyeitunza, kwa hiyo mimi ndiye mwenye mlango. Mlango ukifungwa kabla hajapita, hakuna atakayeufungua tena.

Mwana mwenye akili angemketisha mama yake karibu na spika na kuwasha. Mimi niliona kwamba mama akisikia mara ya mwisho, lazima asikie baba akipiga sawasawa. Sikio la kufa halisikii dawa, na wakati ule sikio hilo halikuwa la mama.

Kwenye njia ya makaburi kuna wachongaji wa mawe. Nilimkuta mmoja ana bamba zito la jiwe, la kijivu, zuri mno, lililokataliwa na familia moja kwa sababu lilivunjika pembe. Mchongaji alikuwa ameshachonga maneno mawili ya mwanzo, ICI REPOSE, yaani «hapa amepumzika», akaishia hapo kabla ya jina. Nililipenda papo hapo. Nililileta nyumbani kwa toroli, nikaliweka juu ya mipira ya baiskeli, na platine juu yake. Mke wangu alirudi kutoka sokoni, akasoma, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kukaa nje. Nilimfuata nikamweleza uzito wa jiwe na faida zake kwa sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimeshachagua jina la kuandika pale, au aniandikie yeye.

Zikabaki spika, na spika ndizo zilizobeba besi. Nilihitaji kitu kizito, kigumu, kisicholia. Nilizunguka nyumba nzima nikigonga vitu kwa kifundo cha kidole. Niligonga milango, viti, ndoo, hata kichwa cha kitanda. Jikoni nikagonga vinu. Vilikuwa viwili, kimoja cha mke wangu na kimoja cha mama, alichotuachia alipohamia kwa dada. Nilisikia sauti fupi, iliyokauka, iliyokufa mara moja. Mti mgumu uliokazwa na miaka ya kutwanga sombe, yaani kisamvu! Nilivipindua mdomo chini sebuleni. Juu ya makalio yake nikapigilia misumari mitatu kila kimoja, nikaikata vichwa na kuinoa kwa tupa, kisha nikasimamisha spika juu ya ncha hizo. Wale wa kwenye simu wanasema ncha hukimbiza mtetemo. Nilijisikia mvumbuzi. Nilipiga picha nikawatumia, na hakuna aliyejibu.

Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

«Umepindua kinu ya mama yako? Na umepiga misumari? Mi siko ndani ya mambo hii. Siku atauliza, utajibu weye mwenyewe.» Akageuka, kisha akarudi. «Na sombe tutatwangia wapi, juu ya ile bafle yako ya muziki?»

Hatukula sombe mpaka mama alipokuja.

Alifika Jumapili, mchana, baada ya misa. Alishuka kwenye gari na mfuko wa majani ya muhogo ya Sakania, kwa sababu haamini kwamba mjini kuna sombe ya kweli. Alimkumbatia mke wangu, akaniambia nimekonda, akaingia sebuleni. Akasimama.

Alitazama jiwe. Mama anasoma Kifaransa vizuri, alifundishwa na masista. Kisha akatazama vinu. Mfuko ukamtoka mkononi.

«Nani alikufa?» aliuliza. «Munanificha nani?»

Kwa watu wa mama, kinu hupinduliwa nyumbani kwa marehemu, kwa sababu siku za kilio hakuna kutwanga. Nilijua jambo hilo. Nililijua tangu utotoni, nilikiona kinu hicho hicho kimepinduliwa baba alipofariki. Ila kichwani mwangu nilikuwa nimeligeuza kuwa suala la uzito na ugumu, na kumbukumbu ikasimama nje ya mlango. Mke wangu alikimbilia sikio la kuume.

«Hakuna muntu alikufa, Mama! Ni bwana yangu na muziki yake!»

Ilichukua muda aelewe. Alipoelewa, alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipoanguka mtihani wa hesabu.

«Pindua kinu yangu,» alisema. «Bado sijakufa.»

Nilimsihi. Nilipiga magoti karibu na sikio lake nikamwomba wimbo mmoja tu, mmoja, halafu nitakigeuza. Nilimwambia nimemtayarishia. Akakaa kwenye kiti nilichokipima mahali pake kwa kamba, akaweka mikono mapajani, mkoba juu ya mikono.

Niliweka santuri. Nikashusha sindano. Na niseme haki, sauti haijawahi kuwa safi vile nyumbani kwangu. Kwaya ilisimama mbele yetu safu kwa safu. Ungeweza kusikia mtu akivuta pumzi. Ngoma ya baba ilikuwa kavu, na bado ilikuwa inachelewa, lakini ilichelewa kwa usafi mkubwa. Nilimtazama mama nione uso wake.

Mama alinitazama mimi.

«Unangojea nini?» alisema. «Weka.»

Wimbo ulikuwa umeshafika ubeti wa pili.

Niliongeza sauti. Nikaongeza tena. Glasi zilianza kulia kabatini, mke wangu akaziba masikio. Mama aliinamisha kichwa upande, akakunja uso akijitahidi, kisha akatikisa kichwa polepole. «Makelele nasikia,» alisema. «Baba yenu, hapana.»

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona aibu kulisema. Nilikwenda kuchukua pimamaji. Mama yangu amekaa pale, amefunga safari kutoka Sakania kumsikia mumewe mara ya mwisho, hamsikii, na mimi niko magotini napima kama spika imenyooka. Mke wangu aliniondolea pimamaji mkononi. Nilipunguza sauti, nikarudisha sindano mwanzo, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mama alikwisha inuka. Kwake habari ilikuwa imeisha. Alikwenda kwenye kinu chake, akakishika kwa mikono miwili na kukivuta, spika ikayumba, nikairukia nikaidaka kifuani. Alikigeuza kinu mdomo juu, akavuta kigoda, akakaa na kukiweka katikati ya magoti kama anayetaka kukisafisha. Alianza kupapasa chini akitafuta misumari yangu, akinung'unika. Mimi nilisimama na spika mikononi. Ni nzito, waya wake ni mfupi, na wimbo ulikuwa unaendelea ndani yake. Nikaishusha mahali pekee palipokuwa karibu, juu ya mdomo wa kinu, uso wake chini.

Wale wa kwenye simu wangeomba radhi kwa niaba yangu. Sauti ilizama ndani ya kinu, ikavuma kama nyuki kwenye debe. Hakukuwa na kwaya tena, hakukuwa na pumzi ya mtu. Ulibaki mvumo mmoja mnene.

Mkono wa mama ulisimama kwenye msumari.

«Munyamaze,» alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anasema.

Alifungua viganja, akavilaza kwenye ubavu wa kinu. Akakibana kwa magoti. Akasogeza kifua mpaka kikagusa mti, akaweka shavu pembeni ya spika, macho wazi, akitazama ukuta bila kuuona. Aliimba kwa midomo tu. Midomo yake ilikuwa inakwenda na ubeti uleule, neno kwa neno. Kisha akaangua kicheko.

«Anachelewa!» alisema. «Ee Mungu, njo yeye! Anachelewaka!»

Lori likapita barabarani. Kinu kikatikisika, sindano ikaruka mfereji mmoja, na mama akapiga kinu kwa kiganja. «Unaona? Pale amepiga sawa.»

«Ile ni kamyo, Mama!» mke wangu alimpigia kelele sikioni.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilipiga magoti upande wa sikio lake nikamuuliza kwa sauti ya juu, kwa nini baba alikuwa anachelewa. Swali hilo nilipaswa kumuuliza miaka mingi iliyopita. Badala yake nilikuwa nauliza vyuma na mawe.

«Masini ya reli ilimukulaka masikio,» alisema. «Zamani, mbele hata hatujaoana. Padri hakujua. Bantu ya bendi habakujua. Mi tu. Alikuwa anatosha viatu, anaweka miguu mitupu pa mbao ya kwaya. Siye tukikanyaga, inapanda mu miguu yake, njo anapiga.» Alikibana kinu tena. «Sasa namna gani asichelewe?»

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Mchanga, mipira, jiwe la kaburi, misumari, vyote nilivileta ili mtetemo usipite. Na baba yangu hakuwa na njia nyingine ya kuusikia ulimwengu. Kila nilipofaulu, nilikuwa namfungia mlango, na mkewe pia.

Mke wangu aliokota mfuko wa sombe, akauweka mezani. Hakusema kwamba alinieleza mapema. Ni mke mwema, na pia alijua kwamba atakuwa na miaka ya kulisema.

Wimbo uliisha. Sindano ikawa inakwaruza mahali patupu, na mama aliujua mwisho huo kwa viganja, akanitazama.

«Rudisha,» alisema. Nikainuka. «Na utoshe viatu.»

Nilivua viatu vyangu vya misa, kisha soksi, moja ina tundu. Nilirudisha sindano mwanzo, nikakaa sakafuni mkabala na mama, nikaegemeza nyayo zangu kwenye shina la kinu, upande wa pili wa magoti yake. Kwaya ilikanyaga. Nikangoja. Kisha akafika, chini ya kisigino changu, amechelewa.